Historia ya Nywele Zilizovutwa

Hakuna watu duniani walioziacha nywele zao zikae vivi hivi kama zilivyoota. Hapa zimenyolewa, pale zimefugwa. Huku zimesukwa, kule zimepakwa mafuta na udongo mwekundu. Na kila mahali zimesema neno kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Nywele zimetangaza nani ni mwali na nani ni mke, nani amefiwa, nani ni shujaa wa vita na nani ni mtu wa ibada. Kwa hiyo, msomaji, usishangae ukiambiwa kuwa nywele zina historia. Historia yake ni ndefu, na sura moja ya historia hiyo ina huzuni ndani yake: ni habari ya nywele zilizovutwa kwa ajili ya urembo, hata zikakimbia kichwa.

Jambo lenyewe si geni machoni pako. Huenda umemwona mwanamke ambaye angali kijana, uso wake hauna kunyanzi hata moja, lakini nywele zake zimerudi nyuma juu ya paji na kando ya masikio, kama maji ya pwani wakati wa kupwa. Tofauti ni hii, kwamba maji yakipwa hujaa tena, lakini nywele hizi pengine hazirudi. Wako wanaomtazama wakasema, "Ndivyo alivyoumbwa." Wako wengine wasemao, "Nywele za Mwafrika ni dhaifu." Insha hii yataka kukuonyesha kuwa kauli zote mbili ni za kosa. Na shahidi wa kwanza nitakayemleta mbele yako hatoki Afrika. Atoka katika nchi ya barafu.

Greenland ni kisiwa kikubwa kuliko visiwa vyote vya dunia. Kiko kaskazini kabisa, na sehemu yake iliyo kubwa hufunikwa na barafu mwaka mzima. Wenyeji wake ni wa jamii ya Wainuiti, ambao wageni wa zamani waliwaita Waeskimo. Nywele zao ni nyeusi, nene, zilizonyoka. Hazifanani na nywele zetu hata kidogo. Mwaka 1888 Mnorwe mmoja aliyeitwa Fridtjof Nansen, pamoja na wenzake watano, alivuka barafu ya nchi hiyo kutoka mashariki hata magharibi. Safari ilipokwisha, meli ya kuwarudisha kwao ilikuwa haipatikani tena mwaka ule, nao wakakaa majira yote ya baridi katika mji wa Godthaab, ambao leo huitwa Nuuk. Nansen hakuipoteza miezi ile bure. Alijifunza maisha ya wenyeji, na mwaka 1891 akatoa kitabu juu yao.

Miongoni mwa mengi aliyoyaandika zimo habari za nywele za wanawake. Walizikusanya zote juu ya utosi, wakazifunga kwa utepe, zikasimama wima kama shungi. Utepe ule haukuwa pambo tupu, ulikuwa lugha. Utepe mwekundu ulikuwa wa msichana, wa buluu ulikuwa wa mke, mweusi ulikuwa wa mjane, na wa kijani ulikuwa wa mwanamke aliyezaa kabla ya kuolewa. Shungi lililolegea halikupendeza. Lililosimama imara ndilo lililosifiwa. Basi wakakaza, na kesho yake wakakaza tena. Nansen aliona kuwa kwa kukaza huko nywele zilikuwa ziking'oka kidogo kidogo penye paji, penye panja na penye kisogo, hata baadhi ya wanawake wakaingia katika upara wangali vijana.

Miaka 18 baadaye, yaani mwaka 1906, alifika Greenland ya magharibi mtu mwingine, jina lake Rudolf Trebitsch, mzaliwa wa Vienna katika nchi ya Austria. Alikuja na mashine ya kunasa sauti, apate kuhifadhi maneno na nyimbo za wenyeji. Lakini Trebitsch alikuwa pia daktari, na masikio yake yalipokuwa yakisikiliza nyimbo, macho yake yalikuwa yakitazama vichwa. Mwaka 1907 aliandika katika gazeti la madaktari wa Vienna juu ya maradhi aliyoyakuta kule, na kati ya maradhi hayo alitaja upara wa wanawake waliofunga shungi. Ndipo elimu ya utabibu ilipoanza kuandika habari za jambo hili. Likapewa jina la Kilatini, alopecia groenlandica, maana yake upara wa Greenland.

Lifikiri jina hilo, msomaji. Limetaja nchi, halikutaja sababu. Anayelisikia kwa mara ya kwanza aweza kudhani kuwa huo ni ugonjwa wa hewa ya kule, au wa damu ya watu wa kule, au wa chakula chao cha nyama ya sili. Jina la namna hii hufunga mlango wa swali. Likishasema "hao ndivyo walivyo", nani atauliza wamefanya nini? Na ikiwa ni ugonjwa wa watu wa barafu, msichana wa Paris, wa Tokyo au wa Nairobi ana haja gani ya kujihadhari?

Basi na tuuvuke mlango huo, tuulize: je, ni wao peke yao?

Twende Japani. Kwa karne nyingi wanawake wa nchi hiyo walijenga juu ya vichwa vyao mitindo mikubwa iliyoshikamanishwa kwa mafuta mazito na nta, na kufungwa kwa nguvu katika utosi. Kazi ilikuwa ndefu, na ili isiharibike usiku walilala shingo zikiwa juu ya mito midogo ya mbao. Wasichana wa Kyoto wanaojifunza kazi ya kuburudisha wageni kwa ngoma na nyimbo, waitwao maiko, wangali wakisuka nywele zao wenyewe kwa mtindo wa kale hadi leo. Na yajulikana sana kuwa wengi wao hubaki na kiraka cha upara utosini, mahali palepale fundo linapofungwa. Mwaka 1885 daktari Watanabe Kanae na mwandishi Ishikawa Eisaku waliunda chama mjini Tokyo cha kuwashauri wanawake waache mitindo ya kale na kufunga nywele kwa njia nyepesi. Hoja zao zilikuwa tatu: mitindo ile yaumiza, yazuia usafi, na yala fedha. Wanawake wengi wakawasikiliza. Hapo twajifunza kuwa desturi ya nywele, hata iwe na umri wa karne nyingi, yaweza kutazamwa upya na watu wenyewe bila ya taifa kupoteza heshima yake.

Wala usidhani kuwa hili ni shauri la wanawake tu. Waumini wa dini ya Sikh hawakati nywele wala ndevu. Mababu wa wengi walioko Kenya walitoka Punjab kuja kujenga reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901. Mwanamume wa dini hiyo hukusanya nywele utosini chini ya kilemba, na wengine huzifunga ndevu fundo chini ya kidevu. Madaktari wa India wameeleza kuwa wanaokaza mno mafundo hayo hupungukiwa na nywele penye paji, na hata penye taya. Dini yao haikudai maumivu hayo. Kinachowadhuru ni mkazo, nao waweza kulegezwa na ibada ikabaki kamili.

Kisha twende Ulaya na Marekani katika miaka ya 1950. Wakati huo wasichana wengi walipenda kuzivuta nywele nyuma na kuzifunga kwa mtindo uitwao mkia wa farasi. Haukupita muda mrefu, madaktari wakaanza kuona panja zilizo wazi kwa vijana wenye afya njema. Mwaka 1957 Niels Hjorth, daktari wa ngozi wa Denmark, aliandika juu ya upara wa pembeni mwa kichwa utokanao na kuumizwa, na katika kichwa cha makala yake akalitaja tena jina lile la Greenland. Mwaka 1961 daktari mwingine wa Marekani aliandika juu ya upara ulioletwa na vibiringio vyenye miiba ya burashi, ambavyo wanawake walivikaza kichwani ili nywele zipate mawimbi.

Sasa ushahidi ulikuwa umetimia. Wenye nywele zilizonyoka walipatwa, na wenye nywele za mawimbi walipatwa. Wa nchi ya barafu walipatwa, na wa nchi ya jua walipatwa. Wake kwa waume. Haikuwezekana tena kuusingizia mji wala damu. Jina la Greenland likaachwa polepole, na leo madaktari wa dunia nzima hutumia jina jingine, ambalo kwa Kiswahili twaweza kuliita upara wa kuvutwa. Jina la kwanza lilikuwa la nchi, jina la pili ni la kitendo. Mabadiliko haya yaonekana madogo, kumbe ni makubwa. Nchi ya mtu huwezi kuibadili, lakini kitendo chake aweza kukiacha.

Yafaa sasa ujue kitendo hicho chafanyaje kazi yake. Kichwa cha mwanadamu kina nywele kama 100,000. Kila unywele umesimama ndani ya kijishimo chake katika ngozi, kiitwacho kinyweleo, na humo chini ndimo mlimo na uhai. Sehemu ya unywele unayoiona na kuichana haina uhai. Ndiyo maana haiumi ikikatwa. Unywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa muda wa miaka 2 hata 6. Kisha hupumzika kama miezi mitatu, ukaanguka, na mwingine ukaota katika kinyweleo kile kile. Basi kuanguka kwa unywele si msiba, maadamu kinyweleo kingali hai.

Msiba huja kinyweleo kinapoteswa. Unywele ukivutwa siku nyingi bila kupumzishwa, hulegea ukatoka kabla ya wakati wake. Ngozi iliyouzunguka huvimba kidogo, huwasha, na pengine hutoa vipele vidogo mstarini mwa nywele. Unywele unaoota baada ya hapo huwa mwembamba na mfupi kuliko wa kwanza. Ukimtazama vizuri mtu aliyepatwa, mara nyingi utaona ukingo wa vinywele vyembamba vilivyobaki mbele kabisa ya paji, na nyuma yake pana uwazi. Vinywele vile vimesalia kwa sababu ni vifupi mno. Mkono wa msusi haukuweza kuvikamata. Lililo fupi likaponea ufupi wake.

Mpaka hapo tiba ingalipo, nayo ni rahisi: ni kulegeza na kupumzisha. Nywele zitarudi. Lakini mkazo ukiendelea miaka na miaka, kinyweleo hufa, na mahali pake huwa kovu. Kovu haliotesho unywele, kama mwamba usivyootesha mahindi. Hapo mafuta ya kila rangi na kila bei hayafui dafu, kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kulishwa. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katika habari hii hata ukuta wenyewe aghalabu haujengeki.

Sasa turudi barani kwetu, maana kauli ya pili tuliyoitaja mwanzo ingali ikingoja jibu: ati nywele za Mwafrika ni dhaifu. Mwaka 2007 Nonhlanhla Khumalo, daktari wa ngozi wa Cape Town, pamoja na wenzake, walitangaza matokeo ya uchunguzi walioufanya Afrika Kusini. Waliwatazama vichwani wanafunzi 1,042, wavulana na wasichana. Kati ya wasichana, 17.1 kwa mia walikuwa na upara wa kuvutwa. Lakini tazama hesabu hiyo ilivyogawanyika. Katika mwaka wa kwanza wa shule walikuwa 8.6 kwa mia, na katika mwaka wa mwisho wa sekondari walikuwa 21.7 kwa mia. Wachunguzi walipokwenda kwa wanawake watu wazima walikuta 31.7 kwa mia.

Zipime hesabu hizo kwa akili yako. Damu ya msichana haibadiliki baina ya darasa la kwanza na mwisho wa masomo. Ngozi yake ni ile ile, na ukoo wake ni ule ule. Kilichoongezeka ni miaka ya kuvutwa. Na kaka zao, ambao wazazi wao ni wale wale lakini vichwa vyao hukatwa nywele fupi, hawakuwa na shida hii. Mwaka 2008 wachunguzi hao waliongeza jambo jingine: hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha kisha zikasukwa au kushonewa nywele za bandia, na kwa wale waliosema kuwa kusukwa kuliwaumiza au kuliwatoa vipele. Hivyo maumivu ni mjumbe. Hubisha hodi mapema, lakini sisi tumefundishwa kumfungia mlango.

Na kwa nini tumefundishwa hivyo? Kwa kuwa kawaida ni kama sheria. Mtoto huketi chini kati ya magoti ya mkubwa, kichwa kikainamishwa, na akilia huambiwa avumilie ili awe mzuri. Msusi naye husifiwa kwa matuta yaliyokazwa hata ngozi ya paji ikang'aa, kwa sababu matuta ya namna hiyo hudumu, na fedha ya mzazi ni ya kutafutwa kwa jasho. Shule nyingi za bweni hutaka kichwa nadhifu, na unadhifu ukafasiriwa kuwa ni mkazo. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyekusudia ubaya. Mama ataka mwanawe apendeze, msusi ataka kazi yake isifiwe, na mwalimu ataka utaratibu. Walakini kinyweleo hakijui nia ya mtu. Chajua uzito na muda tu.

Tena wako wanaodhani kuwa kukaza ndio mila yetu ya asili, na anayelegeza amewasaliti wazee. Hapo historia yatupa jibu. Miongoni mwa Wamaasai, aliyefuga nywele ndefu na kuzisuka nyuzi nyembamba, zikapakwa mafuta na udongo mwekundu, alikuwa morani, kijana wa kiume. Mwanamke ndiye aliyenyoa. Hata nywele za morani hazikuwekwa milele. Ulipofika wakati wa sherehe ya eunoto, ya kuingia katika utu uzima, mama yake alizinyoa zote. Kwa hiyo mila zetu zilikuwa nyingi, kila moja na maana yake na mipaka yake, na kunyoa kulikuwa na heshima sawasawa na kusuka. Kusuka ni sanaa njema, yenye hesabu, subira na uzuri. Hakuna aliye na haki ya kuidharau. Lakini sanaa si mkazo. Mfumaji wa ukili akivuta mno, ukili hukatika, wala hakuna atakayemwita fundi hodari kwa ajili hiyo.

Liko jambo jingine la kusikitisha: kuficha. Mwanamke akiona panja zake zimeanza kuwa wazi, huona haya. Huongeza nywele za bandia ili kufunika, nazo ni nzito, zikavuta zile chache zilizobaki. Au hukaza kitambaa juu ya paji kutwa nzima. Kila kifuniko huzidisha kinachofunikwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kinachokufa ni kinyweleo. Aibu hiyo haina msingi. Wanawake wa Greenland hawakuwa wapumbavu, wala maiko wa Kyoto, wala wasichana wa mkia wa farasi. Walifuata uzuri kama walivyofundishwa. Lakini wao hawakupata wa kuwaeleza mapema, nawe umepata.

Basi, msomaji, uyachukue machache haya. Mtindo unaouma siku ya kwanza umekazwa kupita kiasi; haufai kuvumiliwa, wafaa kufumuliwa. Ukiona vipele mstarini mwa nywele, usiongeze mafuta tu, ondoa mkazo. Nywele zilizotiwa dawa karibuni zisisukwe papo hapo, maana zimekwisha kudhoofika. Nywele za bandia zisiwe ndefu wala nzito kuliko kichwa kiwezavyo kubeba. Matuta au rasta zisikae zaidi ya wiki 6 hata 8, na zikifumuliwa, kichwa kipewe siku za kupumua kabla ya kusukwa tena. Mtindo ubadilishwe, ili mkazo usiangukie mahali pamoja daima. Na ukiona nywele zinapungua, mwone daktari wa ngozi mapema, wala usingoje kovu.

Mengi ya haya ni mambo madogo, na hayagharimu hata shilingi moja. Kilicho kigumu ni kufungua kinywa mbele ya mkubwa. Lakini adabu haikatazi kusema kweli kwa upole. Utakapoketi tena kusukwa, ukasikia ngozi ya paji ikivutwa hata macho yakakaza, mwambie anayekusuka, "Mama, tafadhali, legeza kidogo hapo mbele." Na siku utakapokuwa wewe ndiwe mwenye magoti, na mdogo wako ameketi kati yake, akasema kuwa anaumia, mwamini, nawe ulegeze.